Mwezi wa Ng'ambo ya Bonde

Mwezi mzima wa Ramadhani Fidha hakumwaga majivu ya tanuri hata siku moja. Kila asubuhi aliyachekecha, akayatia kwenye debe chini ya ngazi, na mumewe Mufarrih akipita hapo hujikwaa na kutamka maneno ambayo mfungaji hapaswi kuyatamka. Siku ya ishirini na tisa aliyakanda kwa mafuta ya taa, akayapandisha darini, akayajenga rundo kwenye ukingo unaotazama bonde. Akanawa mikono kwa sabuni na bado ikanuka. Kisha akachomeka rihani na ua la mkadi nyweleni, akatandika mkeka, akaketi kumngoja mama yake.

Mama yake, Bi Ghaliya, alikuwa ng'ambo ya bonde, kijiji cha Radhwa, na Radhwa ni Yemen. Dhahra, alikoolewa Fidha, ni Saudia. Asubuhi tulivu mbwa wa Dhahra akibweka, mbwa wa Radhwa humjibu. Fidha alivuka bonde hilo akiwa bibi harusi, juu ya punda, na ngoma mbele na nyuma, na hakuna aliyemwuliza karatasi yoyote. Watu walikwenda kuzika ng'ambo asubuhi na kurudi kuposa jioni. Mpaka ulikuwepo, ila ulikuwa kwenye ramani za watu wa mjini, na watu wa milimani waliuacha huko huko.

Kisha mfalme akapeleka ndege zake Yemen, na mizinga ikapangwa kwenye vilele ambako zamani walipanga mizinga ya nyuki. Kila upande ulikuwa na maelezo yake, na kila upande ulikuwa na redio ya kuyasomea. Huku walisema wale waliotwaa nchi ya ng'ambo ni mkono wa Iran. Kule walisema hawa wa huku ni mkono wa Marekani. Bi Ghaliya, ambaye safari yake ndefu kupita zote ilikuwa ya kwenda kutibiwa jino, hakuwahi kukutana na mtu wa Iran wala wa Marekani, na angekutana naye angemkaribisha kahawa ya maganda na kumwuliza habari za mama yake. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe hakuna aliyeziuliza ni za tembo yupi.

Kwanza ilikatwa njia. Halafu simu. Serikali ikahamisha vijiji vya ukingoni kimoja baada ya kingine, ikawapa watu nyumba za kupanga mjini Jizan, kwenye joto la kupikia mayai. Dhahra ikamalizika. Walibaki Mufarrih na Fidha peke yao kwenye nyumba yao ya mawe, pamoja na matuta ya kahawa ambayo hakuna aliyeyapalilia. Walibaki kwa sababu ya Fidha, na Fidha alibaki kwa sababu ya dari lile.

Maana katika milima hiyo, pande zote mbili, usiku wa kuamkia Idi watu huwasha moto juu ya madari. Jua likizama na mwezi ukithibiti, mlima mzima huwaka vidoto vidoto, na ukikaa mbali unaweza kuhesabu nani yupo na nani hayupo. Kwao Fidha kulikuwa na adabu yake: moto wa mtoto hautangulii moto wa mzazi. Mama huwasha kwanza, binti akauona, ndipo binti akawasha wake kumjibu. Bi Ghaliya aliwasha mwaka wa kwanza wa vita, ndege zikinguruma juu yake. Akawasha wa pili, wa tatu, wa nne. Barua haikupita, simu haikupita, lakini mara mbili kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa, Fidha aliambiwa na mama yake kwamba yu hai, naye akamwambia mama yake vivyo hivyo. Akashuka darini akilia na kucheka, akakoroga asida, uji mzito wa Idi, maisha yakaendelea.

Mwanawe Jubrani, mwalimu huko Jizan, alikuwa amechoka kumbembeleza. Mwezi wa Shaabani alipanda kuja kuwachukua, akamkuta mama yake amekaza mguu. Kombora lilikuwa limeangukia tuta la tatu chini ya nyumba, likang'oa miti ya kahawa aliyoipanda babu yake Mufarrih. Jubrani akamwuliza mama yake anangoja nini, wasubiri la pili lije kubisha hodi? Fidha akala yamini mbele ya mwanawe na mumewe.

"Siku nitakayokaa pale juu usiku wa Idi nisiuone moto wa mama," alisema, "siku hiyo nitashuka mwenyewe, wala hamtanisukuma. Kabla ya hapo msinitie maneno masikioni."

Jeshi nalo likasema lake: barabara ya Dhahra itafungwa Idi mosi, saa ya alasiri. Anayetaka kutoka kwa gari lake na vyombo vyake atoke kabla ya hapo. Atakayebaki ajihesabu ameamua mwenyewe.

Kwa hiyo jioni hiyo Fidha hakuwa amekaa mkekani kwa starehe. Alikuwa amekaa kama mtu anayengoja hukumu. Redio ya serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba mwezi umeandama, kesho Idi. Mufarrih alimpandishia birika la kahawa, akamwambia asiiache ipoe, akashuka. Mlima wa ng'ambo ulikuwa mweusi.

Isha ikapita. Radhwa hakukuwaka hata kidoto kimoja. Si dari la mama yake tu. La Hadi fundi seremala halikuwaka, la wale ndugu wauza samli halikuwaka, hata msikiti. Mtu mwenye moyo uliotulia angejiuliza inakuwaje kijiji kizima kisahau Idi kwa pamoja. Lakini Fidha alikuwa hana moyo uliotulia kwa miaka mitano. Aliwaza ndege. Aliwaza zile ngurumo za wiki iliyopita, zilizotikisa vikombe kabatini, ambazo Mufarrih alisema ni radi. Akawaza kwamba mama yake alikuwa na kifua, na kifua hicho kilihitaji dawa, na dawa hazikufika. Alikaa mpaka umande ukamlowesha mabega. Rundo lake la majivu halikuguswa, maana mtoto hatangulii.

Mwishowe alichomoa rihani na mkadi nyweleni, akavitupa bondeni. Alishuka ngazi akishika ukuta.

Mufarrih alikuwa ameketi nje ya mlango gizani, redio yake ndogo mapajani, imezimwa. Akamwangalia mkewe usoni.

"Hakuna," Fidha akasema. "Hakuna hata mmoja. Wamekwisha."

Mufarrih aliigeuzageuza redio mapajani. Baadaye, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa, akasema, "Mungu amrehemu."

Ndipo Fidha akalia. Alilia kilio cha kwao, cha chini chini, bila majirani wa kumpokelea, kwa kuwa majirani walikuwa Jizan wanapigwa na viyoyozi. Alimlilia mama yake, na akamlilia yule msichana wa juu ya punda, ambaye mama yake alimshika kidole cha mguu mpaka punda alipoanza kutembea. Hilo ndilo lililomkereketa kuliko yote. Tangu siku ile alikuwa amelala usiku mwingi akikitafuta kidole hicho kwa mkono, kama kwamba joto la mama bado lipo.

Asubuhi ya Idi hakupika asida. Alifunga vyombo. Ahadi ni deni, na yeye hakuwa mtu wa kula yamini na kuitapika. Alizitoa sufuria, magodoro, jiwe la kusagia ambalo Mufarrih alisema liachwe naye akalibeba mwenyewe kifuani. Mufarrih alipakia pikapu bila ubishi wake wa kawaida. Mtu huyu ambaye hubishana na mbuzi, siku hiyo alisema ndiyo kwa kila kitu, na Fidha katika msiba wake aliona ni huruma. Mlango ulifungwa kwa komeo. Hakupanda tena darini. Angepandia nini?

Kizuizi cha jeshi kilikuwa begani pa mlima, mahali ambapo barabara hujikunja na mtu huona pande zote: juu, nyumba tupu za Dhahra; mbele, ng'ambo ya bonde, Radhwa. Walifika alasiri imeshaingia. Kulikuwa na sajini mmoja, jina lake Mutlaq, kijana wa nyanda za kaskazini mwenye midomo iliyokauka kwa baridi ya milimani, na askari wawili chini yake. Aliwapa mkono wa Idi, akawaletea halua kwenye bakuli la plastiki, akamwita Mufarrih ami na Fidha mama. Kisha akasema wangoje. Gari la maji la jeshi lilikuwa linapanda na barabara haitoshi magari mawili, likishapita watashuka.

Gari la maji halikuja. Jua likaanza kuteremka. Sajini Mutlaq, ambaye alikuwa hajaongea na mtu mzima asiye na bunduki kwa miezi, akafungua mazungumzo. Akauliza habari za kahawa na nyuki. Akawauliza kama wamefurahia Idi, kisha akaona uso wa Fidha akajuta, akakimbilia mzaha.

"Heri yetu sisi tumeshakula," akasema, akielekeza kidevu Radhwa. "Wale jamaa wa ng'ambo leo bado wamefunga. Wamekataa mwezi wetu. Wanasema wao hawafungui kwa mwezi wa mfalme. Idi yao kesho." Akacheka. "Yaani hata mwezi wameutia kwenye vita. Nakwambia mama, ubishi ungekuwa mafuta, wale ndio wangekuwa matajiri."

Fidha hakucheka. Alikuwa ameshika bakuli la halua, na aliendelea kulishika.

"Kesho?" akauliza.

"Kesho. Walitangaza jana usiku kwenye redio yao. Sisi wakubwa walitupigia kutuambia, usiku wa leo tukiona mioto kule juu tusishtuke, ni yao ya Idi."

Mtu akipokea habari njema hutafuta mtu wa kugawana naye. Fidha aligeuka kumtazama mumewe, uso umeshaanza kufunguka. Mufarrih alikuwa anatazama viatu vyake. Hakushangaa. Wala hakujifanya kushangaa. Uzee ulikuwa umemwondolea ufundi huo. Ndipo Fidha akaikumbuka redio ndogo mapajani, imezimwa.

Aliweka bakuli juu ya boneti ya gari, polepole.

"Ulijua."

"Mama Jubrani..."

"Nakuuliza, ulijua?"

Mufarrih akavuta pumzi. "Nilisikia. Wewe uko juu, mimi niko chini na redio ya ng'ambo. Walisema mwezi haukuonekana, wanatimiza thelathini."

"Ukaniacha nilie."

"Nikakuacha."

"Ulimwombea mama yangu rehema. Kwa mdomo wako. Mama yangu anafuturu kule tende zake, wewe huku unamzika."

"Rehema haimdhuru aliye hai," Mufarrih akasema, na hapo hapo akatamani kuurudisha ulimi wake. Akapangusa uso kwa kilemba. "Sikiliza. Ningekwambia, ungekaa. Ungekaa leo, ukakaa na Idi kubwa, ukakaa mpaka lile kombora lijue mlango. Mimi nina miaka sitini na saba. Nimezika kaka zangu, siwezi kukuzika wewe kwa mikono hii. Na tena nimechoka, Fidha. Nataka kuwaona wajukuu. Nikaona Mungu amenifungulia mlango, nikapita."

Miaka yote ya ndoa alikuwa amemwita Fidha kwa jina lake mara chache sana, na kila mara lilikuwa jambo zito. Sajini Mutlaq alijikohoza, akaenda kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Fidha hakumpigia kelele mumewe. Laiti angepiga, ingekuwa nafuu kwa Mufarrih. Alifunga ushungi wake vizuri, akaanza kutembea kupanda barabara kuelekea Dhahra.

Sajini akamkimbilia, akasimama mbele yake mikono imepanuliwa, kwa kuwa hawezi kumgusa mwanamke wa watu. Fidha akienda kushoto, naye kushoto. Alipoeleza kwamba anarudi kuwasha moto tu, kisha atashuka, sajini akasema alasiri imepita, kule sasa ni eneo la jeshi, kwenye kilele cha juu kuna watu wenye darubini na amri. Alisema kwa upole, lakini alisema. Hata mama yake mzazi angeomba, asingempitisha. Fidha alimweleza habari ya moto, ya mama, ya mtoto asiyetangulia. Kijana wa nyanda hakuelewa hata nusu. Kwao Idi ni mchele na jamaa. Alichoelewa ni kwamba mwanamke huyu yuko karibu kuanguka, akamletea kiti.

Fidha hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye kokoto za barabara, akitazama bonde.

Jua likazama. Adhana ya Radhwa ilikuja nyembamba, ikikatwakatwa na upepo. Na mlima wa ng'ambo ukaanza. Moto mmoja kwa Hadi seremala. Mwingine msikitini. Kisha mitatu pamoja, kisha hakuna awezaye kuhesabu, mlima wote mpaka Radhwa ya juu, na pembeni, kwenye lile dari la mwisho lenye ukuta uliobomoka, moto wa Bi Ghaliya ukawaka. Ulikuwa mdogo. Majivu hayakutosha mwaka huu, au mikono ya kukanda haikutosha. Lakini uliwaka.

Fidha alitoa sauti ambayo askari wote waligeuka kuisikia. Yu hai. Mama yu hai, na jioni hii amepanda ngazi ile kwa magoti yake, amewasha, na sasa amekaa kwenye ukuta wake uliobomoka anatazama huku. Anatazama dari moja tu. Na dari hilo ni jeusi.

Sasa alijua mama yake anaona nini, kwa kuwa yeye mwenyewe aliyaona jana. Alijua kila wazo litakavyopita kichwani mwa yule kikongwe, moja baada ya lingine: labda wamechelewa, labda mafuta yamekosekana, labda upepo. Kisha lile wazo la mwisho. Moto wa majivu haudumu. Ukifika isha unakuwa makaa, na Bi Ghaliya huwa hashuki mpaka uzime. Muda wote uliobaki duniani ulikuwa ndani ya rundo lile.

Alijiinua kumwomba sajini tena, ampigie magoti ikibidi, akamtafuta Mufarrih amsaidie kuomba. Mufarrih hakuwepo.

Askari mmoja akasema mzee alikwenda haja nyuma ya matuta. Muda gani? Tangu kabla ya adhana. Sajini Mutlaq alitazama matuta, akatazama juu, akatukana taratibu. Kati ya kizuizi na Dhahra kulikuwa na njia ya mbuzi, inayopanda wima tuta kwa tuta, ambayo Mufarrih aliipita utotoni na ambayo goti lake la kulia lilikuwa limeapa kutoiona tena. Mtu huyo huyo aliyekataa kupanda ngazi za darini kubeba debe la majivu.

Fidha alisimama katikati ya barabara. Moto wa ng'ambo ulishaanza kushuka, wekundu ukizidi manjano. Alisoma alichojua kusoma. Aliomba kwa ajili ya mama yake, akajikuta anaombea na goti la mtu ambaye hakutaka kumtazama tena maisha yake yote.

Ndipo juu yao, kwenye kijiji cha watu waliohama, dari moja likashika moto.

Redio ya sajini ililia papo hapo. Kilele cha juu kinauliza: moto Dhahra, nyumba ya mwisho, nani yuko pale? Dhahra si tupu? Sajini Mutlaq alikishika chombo kile karibu na mdomo. Alimtazama Fidha. Ilikuwa kazi yake, na uongo kazini humpeleka mtu mahali pabaya. Fidha naye alimtazama. Yote alikuwa ameshamwambia.

"Ni mzee wa nyumba ile," sajini akasema kwenye redio. "Ninaye kwenye hesabu yangu. Anachoma takataka kabla ya kuondoka. Hakuna kitu. Narudia, hakuna kitu, ni takataka."

Kilele kikanyamaza. Fidha alilimeza neno takataka, akamshukuru kijana yule kwa kichwa.

Kisha akatazama juu. Tangu aolewe aliwasha moto ule kwa mkono wake, akasimama karibu nao, akaona miali mirefu, akapigwa na moshi machoni, akaamini kwamba dunia nzima inauona. Hakuwahi kuuona kutoka mbali. Kumbe ni mdogo hivi. Kumbe ni punje tu ya mtama, inaweza kufunikwa kwa ukucha. Na kwa punje hiyo mama yake aliishi mwaka hadi mwaka, akishuka ngazi zake na kulala.

Alikaa tena kwenye kokoto. Huku moto, kule moto, inatazamana juu ya bonde. Mama anamwona binti yake yuko darini kwake, na binti yuko barabarani na magodoro.

Gari la maji lilipita hatimaye, likiwa na taa moja. Mufarrih akarudi isha imeshaadhiniwa, anatambaa zaidi kuliko kutembea, suruali imechanika, nyusi zimeungua upande mmoja, ananuka mafuta ya taa mpaka ndevuni. Sajini alimsema kama mtoto, mbele ya askari wadogo, naye akasimama akasemwa. Kisha sajini akamshika kiwiko akampandisha garini, akafunga mlango.

Walikaa ndani ya gari, taa hazijawashwa. Moto wa Radhwa ulikuwa umezima.

"Ameuona," Mufarrih akasema. "Nilikuwa juu nikamwona amesimama. Kama si yeye ni mtu wa umbo lake. Kabla sijawasha alikuwa amesimama. Nilipowasha, akakaa."

Fidha akaziba mdomo kwa ushungi. Alimlilia mama yake mara ya pili katika siku mbili, na safari hii kilio kilikuwa kingine. Mufarrih alingoja kiishe. Alijua hajasamehewa, na hakuomba.

"Alikuwa mnene au amekonda?" Fidha akauliza baadaye.

"Sikuweza kuona. Giza, na mbali."

"Alisimama bila fimbo?"

"Sikuiona fimbo."

Akaitikia kwa kichwa, akayahifadhi hayo. Mufarrih akawasha gari, na taa zikaangaza kona ya kwanza ya mteremko. Hapo Fidha akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri akamtazama usoni.

"Idi kubwa atapanda tena," akasema. "Atawasha, atakaa pale, atangoja nijibu. Nani atamwambia kwamba sikufa?"

Mufarrih alishika usukani kwa mikono miwili. Alifikiri ampe jibu gani, akaona majibu yote aliyonayo ni ya namna ile ya jana. Akatia gia, wakaanza kushuka.